Naomba ushauri: injini ya bodaboda ina ufa, inavuja oili
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Ujiji, Kigoma. Pikipiki yangu ya cc 125 ina ufa chini ya injini, pembeni ya bolti ya kumwagia oili. Ni mwembamba kama unywele, ila injini ikichemka oili inadondoka mpaka kwenye kiatu. Fundi mmoja anataka kuuchomelea kwa stiki za chuma. Nasita, maana hii ni aluminiamu, tena oili imeshaingia ndani ya ufa. Mwingine anasema atoboe tundu dogo kila mwisho wa ufa usiendelee, kisha azibe kwa gundi ya chuma. Hiyo gundi inahimili joto kweli? Au nitafute wa kuchomelea kwa gesi ya agoni? Anayemjua fundi huyo, hapa mjini au Kasulu, anielekeze tafadhali. Watoto wanakula kupitia chombo hiki.