"Accident" au "crash": gari likiua watu barabarani, liandikwe lipi?

Wadau, kuna mwenzetu kasema kubishania maneno haya mawili ya Kiingereza ni kupoteza muda, maana yote ni ajali. Mimi nakataa.

"Crash" linataja kilichotokea tu: gari limegonga, vyuma vimekunjamana. Halisemi nani kakosa. "Accident" linatoa hukumu kabla trafiki hajafika na futi yake ya kupimia, kwa sababu limebeba maana mbili zilizobanana: jambo lisilokusudiwa, na jambo lililotokea kwa bahati mbaya tu. Hapo ndipo tunapoliwa. Dereva anayeovateki kwenye kona hakukusudia kuua, sawa, lakini bahati mbaya imeingiaje hapo? Au lori limeharibika usiku, limeachwa juu ya lami bila taa wala viakisi, nyuma limewekewa matawi mawili ya mti. Basi likija likalivaa, kesho yake gazeti la Kiingereza linaandika "road accident", na mwenye lori anasomeka kama naye kafikwa tu, sawasawa na marehemu!

Na wenyewe wenye lugha wameshaliona hilo. BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, lilipiga marufuku "accident" mwaka 2001, likisema majeraha mengi yanatabirika na yanazuilika. Mwaka 2013 polisi wa New York walibadili jina la kikosi chao cha uchunguzi, wakaweka "collision" mahali pa "accident". Mwaka 2016 shirika la habari la AP likawaelekeza waandishi waliepuke neno hilo pale uzembe unapodaiwa au kuthibitishwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Bahati mbaya gani hiyo isiyokosa hata mwaka mmoja?

Wanaolitetea wana hoja moja nzito: ukiliacha, unamchongea dereva kabla ya mahakama, na hasira za watu barabarani tunazijua. Nawaelewa. Ila "crash" halimchongei mtu, ndiyo maana nalitaka. Upepo ukiangusha mti juu ya gari, andikeni "accident", sina ugomvi.

Walioko vyumba vya habari watujibu: mnaliandika kwa sababu mmelikuta kwenye taarifa ya polisi, au mmeuliza kwanza breki zilikuwaje?