Haidrofoni ndizo zilizowashinda Wajerumani baharini 1917?

Mkongwe wa Maji: Kila mara nasoma kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia nyambizi za Wajerumani zilishindwa kwa sababu Waingereza walitega masikio chini ya maji kwa haidrofoni, yaani maikrofoni za majini. Sikubali. Haidrofoni zilikuwa tayari zinatumika 1915, lakini Aprili 1917 nyambizi hizo zilizamisha meli za zaidi ya tani 800,000 kwa mwezi mmoja! Kilichookoa ni misafara iliyoanza Mei, meli kwenda kwa makundi zikisindikizwa na manowari. Mwenye hoja tofauti?

Fundi Injini: Uko sahihi mkuu. Ili usikie lazima uzime injini, na meli iliyosimama ni kitoweo cha torpedo. Haidrofoni za mwanzo zilikuambia kuna mlio, upande gani hujui. Mwenye kazi yake ni Kamanda Ryan wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeanzisha kituo cha haidrofoni Hawkcraig, Uskoti. Wanafizikia walikuja baadaye kumsumbua tu.

Ticha Fizikia: Kumsumbua? Futa hiyo kauli. Mwanafizikia Rutherford alikuwa na tangi la majaribio Manchester. Mwenzake Bragg alifiwa na mwanawe vitani Gallipoli, Uturuki, 1915, mwaka uliofuata akaenda Hawkcraig kufanya kazi. Haidrofoni ya kuonyesha upande wa sauti, ambayo wewe mwenyewe unalia haikuwepo, ilitoka kwa watu hao.

Fundi Injini: Msiba wake namheshimu. Lakini bodi ya wanasayansi waliyokuwemo hao ndiyo iliyofundisha simba-bahari kufukuza nyambizi. Vitani!

Binti Kisiwani: Simba-bahari? Wanyama wa watu wamekosa nini? Wangelipuka nao?

Ticha Fizikia: Hawakubebeshwa bomu, dada. Walifundishwa kufuata sauti, wakajaribiwa hadi Ziwa Bala kule Wales. Usikivu wao majini ni mkubwa sana. Kilichowashinda ni kwamba wakikuta samaki wanaacha kazi. Meli zinazama kila siku, ulitaka watu wasijaribu kitu?

Binti Kisiwani: Mnyama hana vita na mtu. Nasimama hapo.

Mkongwe wa Maji: Jamani, mimi niliuliza misafara.

Msomaji wa Goma: Nanyi mnataja Waingereza peke yao! Wazo la kupeleka sauti na kungoja mwangwi lilipelekwa kwa serikali ya Ufaransa na Chilowsky, Mrusi, na Langevin, mwanafizikia Mfaransa, akalifanyia kazi kuanzia 1915. Baadaye alitumia fuwele za kwatsi, mawe yanayotetemeka kwa umeme. Nyambizi hata ikizima injini, mwangwi unaifichua. Mwaka 1918 walipata mwangwi wa nyambizi pale Toulon.

Fundi Injini: Na vita vikaisha kabla chombo hakijafungwa kwenye manowari. Kwa hiyo kilizamisha ngapi?

Msomaji wa Goma: Hakuna. Lakini sona ya leo, ile ya kupeleka sauti majini na kungoja mwangwi, inafuata njia ya Langevin, si ya Ryan wako.

Fundi Injini: Ryan "wangu" alifundisha wasikilizaji waliopanda meli na kukesha na vile visikilizio masikioni, kwenye baridi ya Bahari ya Kaskazini. Kawaambie hao kwamba njia yao haikuwa njia.