Tupeane uzoefu: Mwaka wa michezo na sanaa shule ya wasichana, wewe ulipangiwa nafasi gani?

#1 (mwanzisha mada)
Wadau, habari zenu. Binti yangu kanuna wiki nzima. Kisa, kwenye netiboli kapewa kizibao cha WD, yaani mlinzi wa pembeni, na kwenye igizo la kufunga mwaka kapangiwa kuwa baba mkwe. "Mama, uwanjani sifungi, jukwaani nina ndevu." Nikacheka, akazidi kununa.

Nikajikumbuka. Mimi nililia nataka kufunga, nikavishwa GK, mlinzi wa goli. Wasiojua hudhani GK ni kama golikipa wa soka, unasubiri mpira ukufuate. Thubutu! Mfungaji akishadaka mpira, unatakiwa uwe sentimita 90 kutoka mguu wake, ndipo uinue mikono kumzuia. Yeye ana sekunde tatu tu za kuuachia. Mechi yangu ya kwanza filimbi ilinilia mimi tu: umemsogelea, umemsogelea, umemsogelea. Mwalimu akakata kijiti cha sentimita 90, akawa anakilaza chini kati ya mguu wangu na wa mfungaji kila nikisimama. Mwezi mzima. Nikikigusa, naanza upya. Mwishowe miguu ikajua yenyewe bila macho kutazama chini.

Muhula wa sanaa ulipofika nikapewa kuwa mlinzi wa mfalme. Sina hata neno moja la kusema! Kazi yangu kusimama nyuma ya kiti robo saa nzima bila kumziba mfalme asionekane na watu. Mnadhani nilisimama umbali gani?

Haya, leteni zenu. Nataka kumsomea huyu mnunaji.

#2
Dada, mimi nilikuwa "dume" la kwaya. Shule ya wasichana watupu, besi utaitoa wapi? Mwalimu alipanga nyimbo zote kwa sauti tatu, na sisi wenye sauti nzito tukaitwa watano tukae mstari wa chini kabisa. Wenzetu walitucheka bwenini hadi tukaanza kuimba kwa kunong'ona. Mwalimu hakugomba. Alituambia tuweke viganja kifuani, tuimbe noti yetu ya chini, tusikilize panapotetema. Kisha akaita wale wa sauti ya kwanza nao wajaribu noti hiyohiyo. Wakatoa pumzi tupu.
Wiki moja watatu kati yetu tuliugua homa. Tuliporudi, wale wale waliotucheka ndio waliotuwekea nafasi kwenye benchi. Walisema wimbo ulikuwa unaelea tu, hauna pa kukanyaga.

#3
Mimi niliumwa tumbo mwaka mzima, kila kipindi cha mazoezi ya viungo. Siku moja mwalimu akaniita pembeni: "Mwanangu, hii hedhi yako mbona inafuata ratiba ya darasa? Kila Jumanne?" 😂
Ukweli ni kwamba kifua kiliwahi kukua kuliko cha wenzangu, na kukimbia kilikuwa kinauma. Aibu ya kusema hilo ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kudanganya. Alipolijua, hakunisamehe mazoezi, alinitafutia sidiria ya michezo inayobana vizuri. Kumbe shida yote ilikuwa nguo. Muhula uliofuata nilikimbia mbio za kupokezana vijiti, mkondo wa tatu, ule wa kona ambao hakuna anayeutaka.

#4
Naomba niingie kama mwalimu wa michezo. Wazazi, muulizeni binti yenu jambo moja kabla ya kuuliza kafunga mangapi: anatua vipi akiruka? Wasichana huumia ile kano ya katikati ya goti kuliko wavulana wanaocheza mchezo huohuo wa kuruka na kugeuka ghafla. Na netiboli ina mtego wake. Ukidaka mpira hewani huruhusiwi kukimbia nao, ule mguu uliotangulia kugusa chini ukiuinua hauurudishi kabla hujauachia mpira. Kwa hiyo mtoto anafunga breki kwa mguu mmoja, goti limenyooka, au linaingia ndani kuelekea goti la pili. Hapo ndipo linapokwenda.
Mimi kila kipindi nawarusha kutoka kwenye ngazi moja tu, wanatua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yanatazama vidole vya miguu. Kimyakimya: nikisikia kishindo, rudia. Wanaolichukia zoezi hili ni walewale wanaolisifu tukifika kwenye ngoma na sarakasi, maana jukwaa la mbao linatangaza kila anayetua vibaya.

#5
Huyo baba mkwe amenigusa. Mimi niliigiza mume aliyefiwa na mama yake. Ndevu zilikuwa za mkaa uliosagwa na mafuta ya kujipaka. Taa zile, joto lile! Tukio la msiba, mke wangu ananikumbatia kunifariji, anageukia watazamaji, naye ana masharubu. Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko na maiti ikacheka pia, shuka linatikisika.
Mwalimu wetu alitufariji kwamba Uingereza enzi za Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa kupanda jukwaani, hata malkia aliigizwa na kijana wa kiume. Basi nasi tulikuwa tunarudisha deni. Sema tu binti apewe penseli ya nyusi, mkaa auache jikoni.

#6
Mimi niseme upande wa pili, msinichukie. Sikuufurahia mwaka ule. Michezo ilikuwa mizuri, lakini sanaa kwetu zilikuwa za kuwachezea wageni. Mgeni akija, darasa linavunjwa, mnavalishwa, mnacheza, wanawapiga picha, basi. Wiki tatu kabla ya mitihani tulikuwa juani tunarudia hatua zilezile nane. Hakuna aliyetuuliza ngoma ile ina maana gani, na hakuna aliyetufundisha kuipiga. Waliopiga walikuwa watu wazima wa kuazimwa. Sisi tulikuwa mapambo.

#7
#6 umesema kweli. Kwetu ngoma tulipiga wenyewe, na hadi leo nina sugu ya kidole gumba. Tofauti ni kubwa mno.

#8 (mwanzisha mada)
Asanteni wote. Nimemsomea, #5 nikarudia mara mbili kwa ombi lake. Ya #6 ilimnyamazisha, akasema kwao wageni hawajaja bado. Kuhusu ndevu ameshaamua, anataka masharubu tu, kidevu hapana.
Juu ya WD hakusema kitu. Ila asubuhi nimekuta ufagio wangu umetiwa alama ya kalamu ubavuni, na rula iko chini karibu yake. Nimepima. Ni sentimita 90.