Je, Dodgers walimchosha Fernando Valenzuela mapema?

Swali
Ndugu zangu, kuna jambo linanitatiza kuhusu Fernando Valenzuela, mrushaji wa besiboli aliyezaliwa katika kijiji cha Etchohuaquila, jimbo la Sonora nchini Meksiko. Mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 20, alizishinda zote mechi nane za kwanza alizoianzia klabu ya Los Angeles Dodgers ya Marekani msimu huo akiwa mrushaji, tano kati yake bila wapinzani kupata hata alama moja. Msimu huo huo alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, pamoja na ile ya mchezaji bora chipukizi, jambo ambalo hajalifanya mwingine yeyote. Inakuwaje klabu hiyo hiyo imwache Machi 1991, akiwa na miaka 30 tu?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, sababu ni bega. Kuanzia 1982 hadi 1987 alirusha zaidi ya awamu 250 kila msimu (mechi moja huwa na awamu tisa), na mwaka 1986 pekee alizimaliza mwenyewe mechi 20, mzigo ambao siku hizi hakuna kocha anayethubutu kumtwika mtu. Mwaka 1988 bega likagoma. Kwa maoni yangu, klabu ilivuna kupita kiasi kwa sababu uwanja ulikuwa ukifurika kila aliporusha, hasa kwa Wameksiko wa Los Angeles, ambao wengi wao walikuwa hawajasahau familia zilizohamishwa kutoka Chavez Ravine, mtaa wa Wameksiko, kabla ya uwanja huo kujengwa hapo.

Jibu la pili
Nakubaliana nawe kuhusu bega, ila tusimzike mapema. Juni 1990 alirusha mechi nzima dhidi ya St. Louis Cardinals bila wao kupata pigo hata moja halali. Baada ya kuachwa alirudi kucheza Meksiko mwaka 1992, kisha akapanda tena Marekani. Mwaka 1996 aliishindia San Diego Padres mechi 13, mojawapo mjini Monterrey, Meksiko, katika mchezo wa kwanza wa msimu wa kawaida wa ligi kuu kufanyika nje ya Marekani na Kanada. Mtu aliyekwisha hafanyi hayo.

Muulizaji
Nashukuru. Nilikuwa nikidhani kila kitu kiliishia 1991. Je, klabu iliwahi kumrudishia heshima?

Jibu la pili
Ilichelewa. Jezi yake namba 34 ilistaafishwa rasmi Agosti 2023, mwaka mmoja na ushei kabla ya kifo chake, ingawa tangu aondoke hapakuwa na mchezaji mwingine wa Dodgers aliyepewa kuivaa.