Kope linaanguka, naona vitu viwili viwili. Wenye goita nisaidieni

Binti_Kibada: Wakuu, nina miaka 34, natumia dawa za goita ya sumu mwaka wa pili. Kope la kushoto linaanguka. Asubuhi niko sawa, jioni naona daladala mbili mbili. Nibadilishe dawa au nitafute miwani?

FundiSaa: Miwani. Mimi nilikuwa naona mishale minne kwenye saa, nikanunua miwani Kariakoo, hadi leo nakula mkate wangu.

Mama Upendo: Mdogo wangu, funga siku tatu uombe. Simu ya usiku acha.

NesiMstaafu: Goita hiyo hutokeza macho, haiangushi kope. Ulipigwa picha ya kifua? Usitufiche.

Binti_Kibada: Ndiyo. Nina uvimbe kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Wakasema pia nina miasthenia gravisi, ugonjwa wa misuli kulegea. Tarehe ya upasuaji ilipita wiki jana. Nipasuliwe kifua kisa kope? Kuna mzee wa mizizi nimeshamtangulizia laki na nusu, vidonge vya hospitali nimesimamisha visigongane na mizizi.

Kisiki: Goita, misuli, uvimbe, vyote mtu mmoja? Hii chai. Subirini namba ya michango.

Binti_Kibada: Sijaomba hata shilingi. Umewahi kula wali huku umeshikilia kidevu ili taya isidondoke? Uji unanitokea puani. Kuchana nywele nachaniwa na mwanangu wa miaka sita, mikono hainyanyuki.

NesiMstaafu: Kisiki, si chai. Thaimasi ndiko askari wa kinga wanakofundwa. Wakifundwa vibaya, huyu anashambulia tezi ya shingo, yule anazuia amri ya neva isifike kwenye misuli. Katika wagonjwa 100 wa miasthenia, kama 10 hadi 15 hukutwa na uvimbe huo. Binti, hupasuliwi kwa ajili ya kope. Uvimbe ukiachwa unaweza kuingia kwenye utando wa mapafu na moyo. Niliwahi kumuuguza dada aliyeacha vidonge kama wewe, akaishia kwenye mashine ya kupumulia. Ukilala chali unapumua?

Binti_Kibada: Naweka mito mitatu.

FundiSaa: Dada, sahau miwani yangu. Nani yuko nyumbani?

Binti_Kibada: Shemeji. Ameenda kuita bajaji.

NesiMstaafu: Beba vidonge na picha. Useme "nina miasthenia" kabla hawajakuchoma sindano yoyote, kuna antibayotiki zinazolegeza misuli zaidi. Kaa wima njiani.