Forester turbo inachoka mlimani: niweke intakula ya mbele au ya juu ya STI?

Kiroboto wa Lami
Wakuu, habari za mihangaiko. Nina Forester ya 2004, SG5 turbo, injini EJ205. Tambarare inakwenda vizuri. Juzi natoka Dar narudi Iringa, ile kuanza mlima wa Kitonga ikachoka kabisa: nakanyaga mafuta, inanguruma, haivuti. Najua intakula yake, kile kipoza hewa ya turbo, imelala juu ya injini, inapikwa na joto la chini. Swali ni moja tu: niweke kubwa ya mbele, nyuma ya bampa, au nitafute ya juu ya Impreza STI? Msinipeleke pengine, nina haraka.

Spana 17
Ilianza lini kuchoka?

Baba Wawili
Kijana, una kiwanja? Maana naona hapa tunazungumzia kupoza hewa, na hujaniambia unalala wapi.

Mzee wa Vitunguu
Mmenikumbusha mbali. Nilikuwa utingo wa Fuso, tunabeba vitunguu Ruaha Mbuyuni kushusha Dar. Hosi ya intakula ikapasuka usiku, moshi mweusi kama treni. Tukaifunga na tyubu ya baiskeli, zungusha, kaza, zungusha tena. Tulifika na mzigo wote, tajiri hadi leo hajui. Matingo wa siku hizi kazi yao simu tu.

Kiroboto wa Lami
Kama wiki mbili hivi. Baba Wawili, kiwanja ninacho.

Mtoto wa Gerezani
Weka ya STI. Ni kubwa kuliko yako, inakaa palepale juu, utahangaika na vishikizo tu. Ya mbele inataka mabomba marefu, inaizibia redieta upepo, na chuma cha ndani ya bampa lazima kiguswe. Hiyo waachie wanaoshindana. Wewe unasafiri.

Spana 17
Wiki mbili zilizopita gari ilifanyiwa nini? Na moshi una rangi gani?

Kiroboto wa Lami
Haikufanyiwa kitu cha maana. Stata ilikufa, ikabadilishwa, basi. Moshi mweusi upo ukikanyaga, na wese linaisha haraka. Ila stata haihusiani na intakula jamani. Halafu niseme tu ukweli: ya mbele nimeshainunua, 900,000, na jana fundi ameanza kukata chuma cha bampa. Ni fundi mzuri, ameshafunga nyingi.

Spana 17
Eti haihusiani! Kwenye hiyo injini stata imejificha chini ya intakula, huifikii vizuri mpaka uishushe. Sasa wakati wa kuirudisha kuna mpira mnene unaoingia kwenye throtobodi, ule mlango wa hewa ya injini, una klipu mbili. Ukikaa upande, hewa inatoroka ukikanyaga. Sensa ilishaihesabu hiyo hewa kabla haijafika kwenye turbo, kwa hiyo kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Ndiyo moshi mweusi huo. Hata ukifunga intakula ya meli.

Chui wa Mbagala
Mnahangaika na chai. Huyu mwezi uliopita aliomba humuhumu lifti ya Dodoma. Leo ana turbo? Na Kitonga unakanyaga uende wapi, na foleni ya malori ile?

Dada Plagi
Chai yenye tangawizi kabisa. Bila picha hatunywi.

Kiroboto wa Lami
Lifti niliomba kwa sababu stata ilikuwa mbovu, gari imelala uani! Kitonga nilikuwa nyuma ya semi, nikapata upenyo, nikashindwa kulipita, hadi dereva wake akanicheka. Picha hizo, shikeni.

Dada Plagi
Haya, gari ipo. Ila mguu ulioingia kwenye picha umevaa kandambili, gereji hiyo?

Mtoto wa Gerezani
Achana na mguu, kuza picha ya pili. Klipu ya chini imekaba nusu mpira nusu hewa, na pale pembeni pamelowa oili iliyoshika vumbi. Mwambie fundi aweke msumeno chini. Azibe mdomo wa hewa wa turbo, aingize upepo wa kompresa kidogokidogo, anyunyize maji ya sabuni.

Baba Wawili
Kiwanja kiko wapi?

Kiroboto wa Lami
Nimerudi wakuu. Mapovu yalifura pale kwenye throtobodi kama maziwa yanayotaka kumwagika. Mpira haukuingia hadi mwisho. Umesukumwa, klipu mpya, nusu saa kazi imeisha. Nimepanda Ipogolo hadi mjini, inavuta mpaka raha, moshi hakuna. Fundi amenuna. Nauza intakula ya mbele, haijafungwa, na mabomba yake yote. Nipo Iringa.

Spana 17
Na chuma cha bampa?

Kiroboto wa Lami
Kipo kwenye buti. Vipande viwili.