Wakongwe wa muziki wa country bado wanatoa albamu. Waendelee, au wapumzike? Tujadili

Mwenye duka la nafaka, Nakuru (mleta mada)

Wadau wa country, hodi humu.

Tangu Jumapili nina jambo linanisumbua. Baada ya ibada nilikaa ndani ya pikapu nje ya kanisa, mvua inanyesha, nikasikiliza "Last Leaf on the Tree" ya Willie Nelson mwanzo hadi mwisho. Albamu hiyo ilitoka Novemba 2024, mzee akiwa na miaka 91, na aliyeitayarisha ni mwanawe Micah. Kuna mahali Willie anavuta pumzi kabla ya kuanza mstari, na unaisikia ile pumzi ikikwaruza kifuani kama ya mtu anayepanda kilima na gunia begani. Kisha anaimba. Hapandishi sauti, hakimbii. Anaongea na wewe kama mko wawili tu jikoni na wengine wamelala. Nilitokwa na machozi na sioni haya kusema.

Jioni nikamwekea rafiki yangu. Alisikiliza nyimbo mbili tu akaniambia, "Huyu mzee wanamkamua. Wamwache apumzike." Tulibishana mpaka chakula kikapoa.

Sasa naleta hapa. Msimamo wangu ni huu: waimbe mpaka pumzi ya mwisho, ila tuwasikie wao wenyewe. Sauti ikichakaa, tupewe hivyo hivyo ilivyochakaa. Kinachoniuma ni watu wa studio wanaoufunika uzee kana kwamba ni aibu. Dolly Parton ni kama mama kwangu, lakini "Rockstar" ya 2023 ina nyimbo 30 na wageni kila kona, hadi Paul McCartney na Ringo Starr. Nilikuwa namtafuta Dolly ndani ya albamu ya Dolly. Linganisha na Loretta Lynn, "Still Woman Enough" ya 2021. Alikuwa amepigwa na kiharusi 2017, nyonga ikavunjika mwaka uliofuata, na bado akaimba akiwa na miaka 88. Wageni wapo humo pia, lakini kila mmoja anajua mwenye nyumba ni nani.

Halafu kuna hili la Randy Travis, sauti yake kutengenezwa na kompyuta. Hilo mimi limenishinda kabisa. Nisikie maoni yenu.

Dereva wa lori, Mombasa

Mimi nakupinga, bwana wa nafaka, na nakupinga kwa heshima.

Kwenye lori langu nina kaseti ya Don Williams niliyoachiwa na marehemu baba. Karatasi yake imefifia, lakini maandishi ya biro bado yanasomeka: DON, USIGUSE. Mpaka leo nikifika Mariakani usiku foleni ya mizani imelala, ile sauti ndiyo inanishika mkono. Sasa angalia Don alivyofanya. Machi 2016 alisema basi, akafuta matamasha yote aliyokuwa amepanga, akakaa nyumbani kwake. Septemba 2017 akafariki akiwa na miaka 78. Hakuna aliyemsikia akitetemeka. Sauti yake imebaki nzima vichwani mwetu, kama aliyofunga nayo mlango.

Mtu akishakupa vibao vya miaka 40 hakudai kitu, wala wewe humdai.

Mwenye duka la nafaka, Nakuru

Kaka, hapo kwa Don umeruka kipande. Aliaga mara ya kwanza 2006, kwa ziara ya dunia nzima ya kuwaaga mashabiki. 2010 akarudi jukwaani, mwaka uleule walipomwingiza kwenye Jumba la Heshima la country kule Nashville. Kisha akatoa albamu mbili, "And So It Goes" ya 2012 na "Reflections" ya 2014. Kama angeshikilia kustaafu kwa kwanza, hizo mbili tusingekuwa nazo. Na "Reflections" mimi naicheza dukani kila wiki, wateja wanauliza ni nani.

Dereva wa lori, Mombasa

Nakubali alirudi. Lakini alirudi sauti ikiwa nzima. Ilipoanza kumkataa, aliondoka. Hilo ndilo ninalosema.

Mpiga gitaa, Thika

Niguse kidogo ufundi, maana mimi hula kwa gitaa. Mugithi, muziki wa gitaa wa Wakikuyu, usiku wa Ijumaa, na usiku ukishakomaa lazima watu waombe country, kwa hiyo nyimbo za hawa wazee nimeziimba na koo langu, najua zinapouma.

Hatuwezi kuwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Willie tangu ujanani hakuwa mwimbaji wa kuvuta sauti ndefu. Huchelewa nyuma ya mdundo, bendi inatangulia halafu yeye anaingia taratibu kama mtu aliyekuwa akifunga kamba za viatu. Sauti ya namna hiyo haizeeki haraka, kwa sababu haikujengwa juu ya nguvu. Mwimbaji aliyezoea kushika noti ya juu mpaka watu wasimame, huyo miaka ikimfika anaumbuka, labda ashushe wimbo hatua mbili au tatu na achague nyimbo upya. Wengi hawataki kushusha. Wanataka kile kibao cha 1985 pale pale kilipokuwa.

Ndiyo maana sisikilizi umri, nasikiliza uchaguzi wa nyimbo. Kwenye "Last Leaf" wamemchagulia Willie nyimbo za watu kama Tom Waits na Neil Young, nyimbo za mtu anayetazama nyuma, na vyombo vimekaa mbali kidogo ili pumzi yake ipate nafasi. Mwana anamjua baba yake. Na gitaa ni lile lile analoliita Trigger, Martin ya nyuzi laini aliyoinunua 1969, iliyotoboka kwenye mbao kwa miaka ya kukwaruzwa na vidole. Nyuzi za juu unazisikia zikilia kikavu. Hakuna aliyewahi kumwambia abadilishe gitaa kwa sababu limezeeka. Sasa kwa nini koo?

Kuhusu "Rockstar" nakubaliana na mleta mada nusu. Nyimbo 30 ni nyingi mno. Lakini Dolly aliitoa kwa sababu 2022 walimwingiza kwenye Jumba la Heshima la rock na yeye alikuwa amesema kwanza hastahili. Alitaka kuonyesha ameistahili. Iliingia nafasi ya 3 kwenye orodha ya Billboard, juu kuliko albamu yake yoyote iliyotangulia. Huyo si mama anayekamuliwa. Huyo aliamua.

Muuguzi, Eldoret

Nimesoma kimya, lakini kwa Randy Travis lazima niseme.

Wengine huenda hawajui kisa. Julai 2013, akiwa na miaka 54, Randy alipigwa na kiharusi kikubwa. Kilimwachia ugonjwa wa kupoteza maneno: kichwani anajua anachotaka kusema, mdomoni hakitoki. Mei 2024 ukatoka wimbo mpya, "Where That Came From". Aliyeingia studio kuuimba ni mwimbaji mwingine, James Dupré, kisha kompyuta iliyofundishwa kwa rekodi za zamani za Randy ikaigeuza ile sauti iwe ya Randy. Mtayarishaji alikuwa Kyle Lehning, aliyefanya naye kazi tangu zamani, na Randy mwenyewe alikuwepo akisikiliza, akikubali na kukataa.

Mimi nahudumia wagonjwa wa kiharusi. Nilikuwa na mzee mmoja wodini, mwalimu mstaafu, aliyekuwa hawezi kulitaja jina la mke wake. Mama anakaa kando ya kitanda, mzee anamtazama, midomo inatafuta, hakuna kitu, na machozi yanamtoka kwa hasira. Jioni moja wenzetu wa kanisa walipita wakiimba. Mzee akaimba nao ubeti mzima, maneno yote, sawasawa. Wimbo ulipoisha akarudi kimya. Wimbo hupita njia nyingine ubongoni, tunaiona hii mara kwa mara. Hata Randy, 2016 walipomwingiza Jumba la Heshima, alisimama akaimba "Amazing Grace" na ukumbi wote ukalia, na mazungumzo ya kawaida bado yalikuwa yanamshinda.

Kwa hiyo mtu akiniambia wimbo ule ni uongo, namuuliza: uongo kwa nani? Mwenye sauti amekubali. Yuko hai, amekaa pale, anatikisa kichwa. Sauti ile ilikuwa yake kabla haijachukuliwa. Mkimnunulia mtu mguu wa bandia mnamwambia anatembea kwa uongo?

Mwenye duka la nafaka, Nakuru

Sista, umenigusa na sitakujibu harakaharaka. Hoja ya mguu ni nzito. Lakini mguu wa bandia anautembeza mwenyewe. Hapa aliyeimba ni mtu mwingine. Ile namna ya kulivunja neno, pale anapokawia, huzuni anayoiweka kwenye silabi ya mwisho, hivyo ni vya James Dupré. Ngozi tu ndiyo ya Randy.

Mimi ningependa zaidi wimbo ambao Randy anatoa maneno manne tu na hayo manne yawe yake.

Muuguzi, Eldoret

Na yeye je, angependa nini? Tunazungumza kana kwamba hayupo.

Mtangazaji mstaafu, Arusha

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba.

Sista ameshika jambo lenyewe: ridhaa. Randy ameridhia. Wasiwasi wangu ni kwa wasioweza kuridhia. Tennessee wenyewe, nyumbani kwa Nashville, Machi 2024 walipitisha sheria ya kulinda sauti ya msanii isiigwe kwa akili mnemba bila ruhusa, ikaanza kutumika Julai mwaka huo. Watu wa pale si wajinga, wameona mvua inakotokea.

Chukueni mfano wa Johnny Cash. Huyu ni ushahidi wa pande zote mbili za mjadala. 1986 kampuni yake ya rekodi ya miaka mingi ilimwacha, wakaona hauziki. 1994 mtayarishaji Rick Rubin akamkalisha na gitaa lake peke yake, akarekodi "American Recordings", na dunia ikamsikia upya. Mei 2003 mkewe June akafariki. Cash alikuwa mgonjwa, macho hayaoni vizuri, na aliendelea kurekodi hadi karibu na Septemba alipomfuata. Rekodi za kipindi hicho zilitoka 2006 kama "American V", zikafika namba moja Marekani, kitu ambacho hakikuwa kimemtokea tangu 1969. Sikilizeni ile sauti, imevunjika kama chungu na bado inashika maji. Ndugu dereva, ungetaka huyu awe amenyamaza?

Kisha njoo 2024. Ikatoka albamu nyingine ya Cash, "Songwriter". Ni rekodi za 1993, mwanawe John Carter akaondoa vyombo vya zamani, akabakiza sauti na gitaa la baba, wanamuziki wengine wakapiga upya. Ni kazi safi, nimeipenda. Lakini Cash hakuwepo kukubali wala kukataa hata noti moja. Hapo ni ngozi na mifupa yake halisi, ila nguo kavishwa na watoto. Mimi kwangu huo ndio mpaka, na tayari mguu mmoja umevuka.

Mkulima wa chai, Kericho

Mmemsahau baba yao wote. Jimmie Rodgers alikuwa na kifua kikuu. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi nyimbo zake za mwisho akiwa hoi, studio ikamwekea kitanda alale kati ya wimbo na wimbo. Siku mbili baada ya kumaliza akafa, miaka 35 tu. Santuri zake zilifika huku kwetu kwa Wakipsigis, watu wakalitamka jina lake Chemirocha, wakamwimbia, na 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey akarekodi wasichana wakimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu paa. Bibi yangu aliujua wimbo huo.

Country ilianza na mtu mwenye mapafu mabovu. Anayetaka mapafu safi atafute muziki mwingine.

Mkenya aliyeko Houston

Naongeza la huku. Watu wanadhani wakongwe wanalazimishwa na soko. Soko la redio haliwataki! Stesheni kubwa za country hapa mchana kutwa ni vijana. George Strait alitoa "Cowboys and Dreamers" Septemba 2024 akiwa na miaka 72, na Juni ya mwaka huo alikuwa amejaza uwanja wa College Station watu 110,905 waliolipa tiketi, rekodi ya Marekani nzima wakati huo. Ukiwasha redio kesho yake, unasikia nyimbo zake mpya mara chache sana. Kwa hiyo mzee anayetoa albamu anaitoa kwa sababu anataka, na sisi tunaoitafuta tunaitafuta kwa mkono.

Mpiga gitaa, Thika

Swali kwa wote: Alan Jackson. Albamu ya 2021, "Where Have You Gone", nyimbo 21, na mwaka huohuo akasema ana ugonjwa wa neva wa kurithi unaomharibia usawa wa mwili jukwaani. Sauti iko salama, miguu ndiyo inamwangusha. Huyo naye dereva anamwambia nyamaza?

Mwenye duka la nafaka, Nakuru

Nimerudi kwa sista. Jana usiku nimeusikiliza wimbo wa Randy mara tatu nikiwa na maelezo yako kichwani. Sijabadilika kuhusu kompyuta. Ila nimebadilika kuhusu Randy: nilikuwa naongea kana kwamba yeye ndiye aliyedanganywa, na si kweli. Ninachoomba sasa ni kimoja. Jina la James Dupré liandikwe mbele, kubwa, pamoja na la Randy, si chini kwenye maandishi madogo. Yule kijana amefanya kazi na koo lake halijulikani.

Muuguzi, Eldoret

Hapo tuko pamoja. Aandikwe.

Dereva wa lori, Mombasa

Nimeegesha Mtito Andei. Nimeitafuta hiyo "Last Leaf" ya Willie nikaiweka. Wimbo wa kwanza nilizima katikati, ile pumzi ilinikumbusha mzee wangu hospitalini. Nikanywa chai, nikairudisha. Kuna mmoja huko ndani nimeurudia mara mbili.

Kuhusu Don bado nasema alifanya sawa.